Kipindupindu cha Bariadi Kinatuhusu Sisi wa Visiwani

Habari za maradhi ya kipindupindu zilizotoka mkoa wa Simiyu katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2024 zilisomwa na wengi wetu hapa visiwani kama zinavyosomwa habari za mahala pa mbali. Bariadi si Darajani wala si Chake Chake. Mtu akiutafuta mji huo katika ramani atauona huko juu, kusini-mashariki ya Ziwa Victoria, katika nchi ya pamba na minada ya ng'ombe, na akishauona ataikunja ramani yake na kuendelea na chai. Sisi tunaona kwamba kuikunja ramani hiyo mapema ni kosa. Leo tunaomba idhini ya wasomaji wetu, na hasa ya watendaji wa Serikali, tueleze sababu kwa urefu kidogo, kwani inatubidi tuingie mpaka ndani ya utumbo wa mwanadamu na kurudi.

Kwanza tukumbushane historia. Tabibu wa Kizungu aliyeishi Unguja, James Christie, alichapisha mwaka 1876 kitabu juu ya miripuko ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki. Alifuatilia nyayo za maradhi yaliyoingia Unguja mwaka 1869 na kuua watu kwa maelfu, akaonyesha kwamba safari ile hayakuletwa na majahazi ya kusi wala ya kaskazi. Yaliteremka kutoka bara kwa njia za misafara mpaka Pangani, na kutoka Pangani yakavuka bahari. Basi tangu zama hizo, zama za kutembea kwa miguu, umbali wa bara haukuwa ngome kwetu. Siku hizi abiria anayepanda basi Bariadi hufika pwani katika muda wa siku moja hivi, naye akishafika pwani, Unguja ni saa mbili kwa boti.

Wala si lazima turudi karne ya kumi na tisa. Mwaka 1978 kipindupindu kiliingia katika kijiji kimoja cha wavuvi hapa Zanzibar, wakaugua watu 411 na wakafa 51. Tangu hapo kimekuwa mgeni anayeijua njia. Mripuko ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 ulienea Tanzania nzima na visiwa vyake, na mwezi wa Aprili 2016 Serikali ililazimika kuzifunga skuli za Zanzibar kwa ajili yake. Watoto waliokaa majumbani wakati ule leo ni vijana. Waulizwe, wanakumbuka.

Swali tunalotaka kulijibu ni hili: kwa nini ugonjwa huu humuua mtu mzima, mwenye nguvu zake, aliyelala salama, kabla jua la siku ya pili halijachwa? Kwa miaka mingi watu walidhani mdudu wake anautafuna utumbo. Sivyo. Utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu, ukitazamwa kwa darubini, seli zake karibu zote zimekaa mahala pake, hazina jeraha. Mwaka 1959 mtaalamu wa Calcutta, Sambhu Nath De, alithibitisha kwamba bakteria wa kipindupindu hutoa sumu, na kwamba sumu hiyo peke yake, hata bakteria mwenyewe akiwa ameondolewa, yatosha kuujaza utumbo maji. Ilikuwa ugunduzi mkubwa, na ulimwengu ulichelewa kuuthamini. Lakini bado likabaki fumbo: sumu hiyo inafanya nini ndani ya seli hata maji yatoke kama mfereji uliovunjika?

Jawabu lilipatikana katika jamii ya protini ambazo wataalamu wa elimu ya viumbe huziita jitipiezi. Jina ni zito, lakini kazi yake mtendaji yeyote wa ofisi ataifahamu. Tumchukulie mlinzi wa lango la bandari. Lango hufungwa wakati wote, na mlinzi amekaa kimya. Anakuja mtu na kibali, mlinzi anakipokea, analifungua lango, shehena inapita. Lakini mlinzi huyu ana sharti moja katika kazi yake: kibali alichokishika ni lazima akichane mwenyewe kwa mkono wake baada ya muda mfupi, na akishakichana, lango hufungwa na yeye hurudi kukaa. Haulizi kwa mkubwa, wala hangojei barua.

Ndivyo zilivyo jitipiezi. Kibali chao ni chembe ndogo ya kemikali iitwayo GTP. Protini ikishika GTP huamka na kupeleka amri, na ikishaivunja GTP hiyo hulala. Kuivunja ni kazi yake mwenyewe, na ndiyo maana ya jina lake. Mwili wa mwanadamu una jitipiezi za aina nyingi. Ziko zinazoiamuru seli igawanyike, ziko zinazosafirisha mizigo ndani ya seli, na ziko zinazopokea salamu za homoni kutoka nje na kuzifikisha ndani. Hizi za mwisho huitwa protini za G, na kwa kuzigundua wanasayansi wawili wa Marekani, Alfred Gilman na Martin Rodbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1994.

Katika ukuta wa utumbo mdogo, protini ya G ya aina moja ndiyo inayosimamia lango la maji. Ikiamka, huamsha kimeng'enya kinachotengeneza ujumbe wa kemikali, na ujumbe huo hufungua milango ya chumvi: kloridi hutoka kuingia ndani ya utumbo, sodiamu huifuata, na maji huzifuata zote mbili. Haya ni mambo ya kawaida na yenye manufaa, kwani chakula hakiwezi kusagika katika utumbo mkavu. Baada ya sekunde chache protini inakichana kibali chake, na lango linafungwa.

Sasa inaingia sumu ya kipindupindu. Haimuui mlinzi. Haiungi mkono wala haipingi kibali. Inachofanya ni kumfunga mkono ule anaochania. Katika mnyororo wa protini ya G, kwenye kiungo cha 201, sumu hubandika kipande cha kemikali, na toka hapo protini ile haiwezi tena kuivunja GTP. Mwaka 1977 watafiti wawili, Cassel na Selinger, walionyesha jambo hili waziwazi: lango limefunguliwa kwa kibali halali, lakini halifungiki. Na ajabu iliyoje, sumu hii hata haikamiliki nguvu zake mpaka isaidiwe na jitipiezi nyingine ya mwili wetu wenyewe, iitwayo ARF. Adui amepata msaidizi ndani ya nyumba.

Matokeo yake kila aliyewahi kuuguza anayajua. Mgonjwa hutoa maji meupe kama maji yaliyooshewa mchele, na katika hali kali hupoteza lita nzima kwa saa. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Macho hudidimia, sauti hukauka, ngozi ya vidole hukunjamana kama ya dobi, mapigo ya mkono hayasikiki. Pasipo matibabu, katika wagonjwa wa hali hiyo nusu huweza kufa.

Tusisahau kutaja, japo kwa kupita, kwamba walinzi wa namna hii huharibiwa na maradhi mengine pia. Kifaduro, ambacho watoto wetu huchanjwa, sumu yake huharibu protini ya G ya aina nyingine. Jitipiezi iitwayo Ras, inayoiamuru seli igawanyike, ikipata kasoro na kushindwa kuivunja GTP yake, seli huzaana bila ya kusimama, na hiyo ni saratani. Kasoro za Ras huonekana katika saratani moja kati ya kila tano hivi. Dawa ya kwanza ya kumlenga mlinzi huyo mbovu iliidhinishwa Marekani mwaka 2021, baada ya miaka kiasi cha arobaini ya kutafuta, na bei yake haifai kutajwa mbele ya mkulima wa karafuu wala wa pamba.

Lakini kipindupindu si saratani, na hapa ndipo tulipokusudia kufika.

Seli za ukuta wa utumbo hazidumu. Kila baada ya siku tatu hadi tano hupukutika zenyewe na kuota nyingine mpya. Seli iliyofungwa mkono na sumu nayo hupukutika, na nafasi yake huchukuliwa na seli yenye mlinzi mzima. Maana yake ni kwamba kipindupindu, hata kikali, ni ugonjwa wa siku chache tu. Hatuna haja ya kumfungua mlinzi mkono. Haja yetu ni kumweka mgonjwa hai, kwa maji, mpaka mlinzi mpya aripoti kazini.

Na maji yataingiaje, ikiwa lango linayatoa? Mola amejaalia utumbo uwe na mlango wa pili. Mlango huo hupitisha sodiamu na sukari kwa pamoja, na kila zipitapo huvuta maji kuyarudisha mwilini. Mtaalamu Robert Crane aliueleza mlango huu mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu haiugusi kabisa. Ukimpa mgonjwa maji matupu, hutoka. Ukimpa maji ya chumvi peke yake, hutoka. Umpapo maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, huingia. Mwaka 1968 madaktari wa Kimarekani wakiwa Dhaka walilithibitisha jambo hili kwa wagonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojazana kambini Bongaon, huko India, na dripu zikamalizika, daktari Dilip Mahalanabis aliamuru chumvi na sukari zikorogwe katika mapipa na jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, vilivyokuwa kiasi cha asilimia 30, vilishuka chini ya asilimia 4.

Hayo yalifanywa na mama na shangazi, kwa kikombe, chini ya mahema yaliyojaa matope. Kwa hivyo haifai kwa mtu yeyote mwenye dhamana, awe Itilima au Micheweni, kusema kwamba watu walikufa kwa sababu hospitali ni ndogo.

Tulifika Bariadi mwaka mmoja wa kiangazi kikali, kwa shughuli za Chama. Mito ya nchi ile hukauka ikabaki mchanga mtupu. Tuliwaona akina mama wamepiga magoti katikati ya mto wakichimba mashimo kwa vibuyu na bakuli, wakiyangojea maji yajikusanye chini ya mchanga, na ng'ombe wamesimama kando wakingoja zamu yao. Mwenyeji wetu alituambia kwamba maji yale ni matamu kuliko ya kisima. Inawezekana. Lakini mvua za kwanza zinyeshapo, kila kilichotupwa porini huteremka katika mto huohuo, na mdudu wa kipindupindu hataki zaidi ya hapo. Mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012 una watu zaidi ya milioni mbili, wengi wao katika vijiji vilivyotawanyika, nyumba hapa na nyumba kule, kila mmoja na zizi lake. Mtu akipatwa saa nne ya usiku huko Meatu, na zahanati iko mbali, na usafiri ni baiskeli, yeye anahesabiwa kwa lita.

Hatuyasemi haya kuwacheka wenzetu. Sisi tuliopitia vyuoni tulifundishwa mlango wa maji na tohara kabla ya mlango wa sala, tukayahifadhi maji ya aina zote na hukumu zake. Hata hivyo katika mitaa mingi ya mji wetu kisima na shimo la choo ni majirani wa karibu kuliko ndugu wawili, na masika yakishika huzungumza chini kwa chini. Mtu wa Simiyu anaweza kutwambia kwamba yeye amekosa maji, na sisi tuliyapata tukayachafua.

Kwa upande wa maji, ipo kazi inayofanyika na tuitambue. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya euro milioni 100 kwa mradi mkubwa wa kuyapeleka maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Simiyu. Mradi huo ni wa heri. Tunaongeza neno moja tu, kwamba bomba linalopita kando ya kijiji halimnyweshi mtu, na maji ya ziwa yasiyotiwa klorini ni maji ya ziwa.

Kwa upande wa chanjo, visiwa vyetu vina la kujivunia. Mwaka 2009 watu kiasi cha 48,000 wa Unguja na Pemba walitakiwa kunywa chanjo ya kipindupindu, na nusu yao hivi walizinywa dozi zote mbili. Waliozinywa walikingika kwa asilimia 79, na hata majirani zao wasiochanjwa walipata nafuu. Chanjo ile ilikuwa na kipande cha ile sumu yenyewe, kile kinachoishikilia seli, kisicho na madhara. Mwili ulijifunza kuikamata sumu mlangoni kabla haijamfikia mlinzi. Elimu hiyo ilipatikana hapa kwetu na imetumika duniani. Zanzibar imejiwekea mpango wa kukitokomeza kipindupindu ifikapo mwaka 2027, na mwaka huo si wa wajukuu zetu.

Lipo jambo ambalo ni gumu zaidi kuliko chanjo na bomba, nalo ni ulimi. Kuna tabia ya zamani katika utumishi, isiyo na makazi maalumu, bara ipo na visiwani ipo, ya kuuita ugonjwa huu kwa majina ya pembeni: tumbo, kuharisha, maradhi ya mvua. Kiongozi huogopa kwamba akilitaja jina lake biashara itasimama, wageni watakimbia, na yeye ataulizwa. Twaifahamu hofu hiyo. Lakini sasa msomaji ameona kinachotendeka ndani ya seli. Lango limeachwa wazi na mwili unamwagika kwa saa. Siku tatu zinazopotea katika kutafuta neno lenye adabu ni siku ambazo kijiji cha jirani kingekuwa kimeshakoroga chumvi na sukari. Wizara ya Afya ilipotangaza kipindupindu cha Simiyu kwa jina lake mwaka 2024, ilifanya lililo sawa.

La pili ni ufunguo. Katika zahanati moja tuliyoizuru, mahala hatupataji, tulikuta maboksi ya pakiti za ORS yamepangwa vizuri ndani ya ghala, na ghala limefungwa. Ilikuwa siku ya Jumamosi. Tuliuliza ufunguo uko wapi, tukaambiwa unakaa na msimamizi, na msimamizi anakaa mjini. Hakuna aliyeiba kitu pale; kila karatasi ilikuwa imetiwa saini. Pakiti moja ni kitu cha shilingi chache na hutengeneza lita moja ya uhai.

Rai yetu kwa wakuu wa afya wa mikoa na wilaya, bara na visiwani, ni kwamba pakiti hizo zitoke ghalani kabla ya mvua, zikae kwa sheha na kwa mwenyekiti wa kitongoji, nyumbani kwake, mahala ambapo mtu atabisha hodi usiku wa manane na kufunguliwa. Pasipokuwa na pakiti, kila nyumba ijue kipimo: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa msawazo bila ya mrundo. Chumvi isizidi, maana ikizidi hudhuru. Dafu tunalolipenda ni kinywaji kizuri, ila sodiamu yake ni chache, halitoshi peke yake kwa mgonjwa huyu. Mtoto anyonye kama kawaida. Mgonjwa anywe kidogo kidogo bila ya kukoma, hata akitapika apumzishwe kidogo na aanze tena, huku safari ya kituo cha afya ikifanywa. Na yule aliyelegea asiyeweza kumeza apelekwe mbio kwa dripu, kikombe hakimfai tena.

Vuli Simiyu huanza mwezi wa Oktoba au Novemba. Masika yetu huanza Machi. Katikati ya mvua hizo mbili ipo miezi michache ambayo maghala yanaweza kufunguliwa na hesabu ya pakiti kupelekwa shehia kwa shehia na kitongoji kwa kitongoji, na tungependa kuiona hesabu hiyo ikibandikwa ukutani katika kila ofisi ya mtendaji, pamoja na jina la mtu anayelala na ufunguo.